Namba Iliyochaguliwa na Betri

Geuza spika yoyote ndogo iliyotolewa ndani ya redio ya mkononi, kichezeo cha mtoto au kengele ya mlangoni, na nyuma ya sumaku utakuta maandishi mafupi: 8Ω, kisha idadi ya wati, mara nyingi 0.25 au 0.5. Wati hazina fumbo. Zinaeleza nguvu ambayo koili itahimili kabla ya kuungua. Omu 8 ndizo zilizozoeleka hadi zikaacha kuulizwa. Anayeunda kifaa chake cha mkononi, awe mwanafunzi wa chuo cha ufundi au fundi anayetengeneza redio ya umeme wa jua, huchukua spika ya omu 8 kwa sababu ndiyo iliyopo dukani na ndiyo iliyochorwa kitabuni. Hoja ya makala haya ni kwamba namba hiyo haikutoka kwenye sauti wala kwenye sikio la mwanadamu. Ilitoka kwenye betri. Kila mara chanzo cha umeme na kifaa cha kukuza sauti vilipobadilika, omu zinazofaa zilibadilika navyo: zilianza kwa maelfu, zikashuka hadi 3, zikapanda tena hadi makumi, kisha zikatulia kwenye 8. Anayeifahamu safari hiyo huanza kuchagua spika kwa kuitazama betri kwanza, na hivyo hukwepa makosa ambayo yamekula betri za watu kwa miongo mingi.

Ukinzani wa spika mbele ya mkondo wa sauti, ule mkondo unaokwenda na kurudi, una jina lake la kitaalamu: impidensi, neno aliloliunda Mwingereza Oliver Heaviside mwaka 1886. Kwenye meza ya fundi huitwa tu omu za spika, nasi tutafuata lugha ya fundi. Vifaa vya kwanza vya kusikilizia redio vilikuwa na omu nyingi kupita kiasi kwa macho ya leo. Visikilizio ambavyo Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, aliliuzia jeshi la wanamaji la nchi yake kuanzia mwaka 1910, pamoja na vile vilivyofuata vya redio za kristali, vilihesabiwa kwa maelfu ya omu. Jozi ya omu 2,000 ilikuwa kitu cha kawaida. Sababu yake ni nyepesi kueleweka. Redio ya kristali haina betri hata moja. Nguvu yote ya sauti inatoka kwenye waya wa antena, na mkondo unaofika sikioni ni chembe tu. Nguvu ya sumakuumeme ni zao la mkondo na idadi ya mizunguko ya waya, kwa hiyo pale mkondo ulipokosekana, mizunguko ilijaza pengo. Mtengenezaji alizungusha waya mwembamba kama unywele mara elfu kadhaa, na waya mrefu mwembamba hauwezi kukosa ukinzani mkubwa. Tangu mwanzo kabisa, basi, omu zilikuwa jibu la swali moja: chanzo cha umeme kinaweza kutoa nini?

Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric walieleza muundo wa spika ambao umebaki karibu vilevile mpaka leo: karatasi ya umbo la koni, koili nyepesi iliyobandikwa shingoni mwake, na sumaku yenye mwanya mwembamba ambamo koili hiyo inacheza. Wazo la koili inayotembea lilikuwa la zamani. Ernst Siemens wa Ujerumani alikuwa na hataza yake tangu mwaka 1874, na Peter Jensen na Edwin Pridham walikwisha kulitumia California miaka ya 1910. Lakini muundo wa Rice na Kellogg ndio uliouteka ulimwengu wa redio, na ndani yake mlikuwa na sharti jipya. Koili inayotembea lazima iwe nyepesi, ama sivyo haitafuata sauti kali. Lazima pia ipite kwenye mwanya usio mpana, maana kila unene unaoongezwa kwenye mwanya unapunguza nguvu ya sumaku. Nafasi ya waya ikawa ndogo, mizunguko ikahesabika kwa makumi, na omu zikaanguka kutoka maelfu hadi chache mno. Redio za Uingereza zilizoea spika za omu 3, na za Marekani omu 3.2. Namba hizo zilikuwa ndogo kwa sababu ya umbo la koili, na hakuna aliyedai kwamba zilikuwa na sauti tamu kuliko nyingine.

Kati ya spika hiyo ya omu 3 na vali ya kukuza sauti iliyoiendesha palikuwa na bonde kubwa. Vali hupenda volti nyingi na mkondo mdogo. Vali ya betri iitwayo DL94, iliyotumika sana katika redio za kubebeka za miaka ya 1950, ilifanya kazi kwa volti 90 na kutaka mzigo wa takriban omu 10,000 ili itoe kama robo ya wati. Daraja la kuvuka bonde hilo lilikuwa transfoma. Kanuni yake ni kwamba uwiano wa omu ni mraba wa uwiano wa mizunguko: ukitaka omu 3 zionekane kama omu 10,000, unahitaji mizunguko takriban 58 upande wa vali kwa kila mzunguko mmoja upande wa spika. Mradi transfoma ilikuwepo, omu za spika hazikuwa na uzito wowote katika uchaguzi. Mtengenezaji aliyepata spika za omu 5 badala ya 3 alibadilisha hesabu ya mizunguko ya transfoma, na redio ililia vilevile. Gharama yake ilikuwa uzito, shaba, na nguvu iliyopotea njiani, nguvu ambayo betri ndiyo iliyoilipia. Redio iliyotengenezwa na kampuni ya Ever Ready ya Uingereza mwaka 1949 kwa ajili ya wasikilizaji wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, iliuzwa pauni 5, na betri yake ilinunuliwa mbali. Ilipewa jina la utani la sufuria kwa umbo lake la duara la alumini, na ilikuwa miongoni mwa redio za kwanza zilizobuniwa makusudi kwa Mwafrika asiye na umeme wa waya. Tangu hapo msikilizaji wa bara hili alijua kwamba bei ya redio hulipwa mara moja, bali bei ya betri hailipiki ikaisha.

Transista ilizaliwa katika maabara ya Bell mwezi Desemba 1947, na tarehe 18 Oktoba 1954 ikatangazwa redio ya kwanza ya transista iliyouzwa kwa umma, Regency TR-1: transista 4, betri ya volti 22.5, bei dola 49.95. Miaka mitatu baadaye Sony ilitoa TR-63, iliyotumia betri ya volti 9 ya mstatili yenye vichwa viwili juu, ambayo bado inauzwa madukani. Ukifungua redio ya transista 6 ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 utaona jambo la kushangaza. Pembeni mwa ubao kuna transfoma mbili ndogo, kila moja ikitosha kwenye ncha ya kidole gumba. Ya kwanza inagawa sauti kwa transista mbili za mwisho, moja ishughulikie nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini. Ya pili inazikusanya nusu hizo na kuzipeleka kwenye spika. Transista hizo mbili zilifanya kazi kwa zamu, na pale palipokuwa kimya zote zilikaribia kulala. Huo ulikuwa uvumbuzi mkubwa wa kuokoa betri, maana redio ilikula kwa kadiri ilivyosema. Transista haihitaji omu 10,000. Kwa volti 9 iliridhika na omu mia kadhaa, na kutoka omu 500 hadi spika ya omu 8 ni uwiano wa mizunguko takriban 8 kwa 1 tu. Bonde lilikuwa limegeuka kuwa kijito, na palipo na kijito mtu huanza kuwaza kuruka bila daraja.

Wazo la kuruka lilikwisha kuandikwa. Mwaka 1953 George Sziklai wa kampuni ya RCA alionyesha kwamba transista za aina mbili zinazopingana, moja ikipokea mkondo chanya na nyingine hasi, zinaweza kushirikiana bila transfoma yoyote. Mwaka 1956 mwenzake wa RCA, Hung Chang Lin, alitoa njia ya kufanya hivyo hata pale jozi kamili za transista zilipokuwa hazipatikani. Spika sasa ingeunganishwa moja kwa moja na transista kupitia kapasita moja. Hapa ndipo omu za spika zilipopata uzito kwa mara ya kwanza katika historia yake, kwa kuwa mkalimani wa kati ameondoka. Watengenezaji walilijua hilo vizuri. Philips, ilipotaka kuondoa transfoma hata kwenye redio zake kubwa za vali, ilitengeneza spika za omu 800, koili zake zikiwa za waya mwembamba mno. Katika redio ndogo za transista zisizo na transfoma zilionekana spika za omu 16, 25, 35, 40, hata 80. Wingi huo wa namba unaonekana leo kama vurugu. Kwa kweli ulikuwa wakati ambapo wahandisi walichagua kwa hesabu, kila mmoja akiitazama betri ya redio yake.

Hesabu yenyewe inafaa kufanywa hapa, maana ndiyo kiini cha jambo lote. Chukua betri ya volti 9. Kwa muundo wa transista mbili na kapasita, wimbi la sauti linaweza kupanda volti 4.5 na kushuka volti 4.5, si zaidi. Spika ya omu 8 itavuta mkondo wa kilele wa ampea 0.56 na, katika hali bora isiyo na hasara, itapokea wati 1.27. Ya omu 16 itavuta ampea 0.28 na kupokea wati 0.63. Ya omu 32 itavuta ampea 0.14 na kupokea wati 0.32. Anayetazama safu ya wati peke yake ataona kwamba omu 8 imeshinda. Lakini betri ndogo ya volti 9 haiwezi kutoa zaidi ya nusu ampea bila volti zake kuporomoka, kwa hiyo wati 1.27 zinabaki za karatasini. La muhimu zaidi ni kinachotokea redio inaposikilizwa kwa sauti ya kawaida ya nyumbani. Tuseme miliwati 50 zinatosha. Spika ya omu 8 itaifanya betri itoe wastani wa miliampea 36 kwa ajili hiyo. Spika ya omu 32, kwa sauti ileile na betri ileile, itaitoza miliampea 18. Nusu kamili! Volti ambazo spika haizihitaji hugeuka joto ndani ya transista, na spika ya omu chache huacha volti nyingi zikipotea namna hiyo kila inapocheza polepole. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na miliampea 18 za ziada, saa baada ya saa, ndiyo bandu inayomaliza betri kabla ya mwezi kuandama.

Afrika Mashariki ilikuwa mahali ambapo hesabu hii haikuwa ya darasani. Miaka iliyofuata uhuru, redio ndogo ya betri ilikuwa njia kuu ya kuwafikia watu vijijini, na Tanzania ilikuwa na viwanda vya kuunganisha redio: Philips mjini Arusha na Matsushita, wenye chapa ya National, jijini Dar es Salaam. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima takriban milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kusoma vijitabu na kujadili usafi na magonjwa. Kikundi kilikuwa na redio moja. Watu wazima ishirini na kitu wanakaa chini ya mwembe, na spika isiyozidi upana wa kiganja inapaswa kuwafikia wote. Hili linawezekana kuliko mtu anavyodhani. Tuseme spika inatoa desibeli 84 kwa wati 1 umbali wa mita 1. Kwa robo ya wati itatoa desibeli 78, na kwa aliyekaa mita 4 mahali pa wazi zitafika desibeli 66, juu kidogo ya mazungumzo ya kawaida ya watu wawili wanaotazamana. Robo ya wati inatosha darasa zima. Kwa redio ya betri nne kubwa, yaani volti 6, spika ya omu 8 huitoa robo hiyo bila taabu, na hata ya omu 16 inakaribia. Tatizo huanza betri zikichoka. Betri iliyochoka haipotezi volti tu. Ukinzani wake wa ndani nao huongezeka. Betri nne zenye omu 1 kila moja ni omu 4 zilizosimama njiani, na kila kilele cha sauti kinapovuta ampea 0.37 kuipeleka kwenye spika ya omu 8, volti 1.5 zinapotea humo ndani. Sauti inakwaruza, mtangazaji anameza maneno, na mwenye redio anatoa betri kuzianika juani ili joto liiamshe kwa muda kemia iliyolegea. Wengi waliozianika betri juu ya bati walikuwa wanapambana na ukinzani bila kuujua kwa jina. Spika ya omu 32, kwa betri zilezile zilizochoka, ingepoteza volti 0.37 tu; sauti yake ingekuwa ndogo, lakini maneno yangesikika hadi mwisho wa kipindi.

Kama omu nyingi zina faida hizo, kwa nini 8 ndiyo iliyobaki? Sababu ya kwanza iko kiwandani. Kupandisha omu mara 10 kwa shaba ileile kunataka mizunguko zaidi ya mara 3 na waya wenye kipenyo cha karibu nusu. Waya huo hukatika wakati wa kuzungushwa, na unapolehemiwa kwenye nyuzi zinazoelekea karatasini huwa dhaifu. Sababu ya pili ni betri zenyewe: redio zilihama kutoka volti 9 kwenda 6, kisha 4.5, kisha 3, kwa kuwa betri za kawaida za mviringo zilikuwa rahisi na zilipatikana kila duka. Kwa volti 3 spika ya omu 32 hupata miliwati 35 tu, kiasi kinachotosha kisikilizio cha masikioni na ndiyo maana omu 32 zilibaki huko, lakini hakitoshi chumba. Spika ya omu 8 hupata miliwati 140, na jirani anasikia. Sababu ya tatu ilikuja na chipu. LM386 ya kampuni ya National Semiconductor, iliyoenea tangu miaka ya 1970 na bado inafundishiwa, ina miguu 8 na hula miliampea 4 tu pasipo sauti. Karatasi ya maelezo ya chipu hiyo inasema ukweli ambao watu wengi huuruka. Kwa volti 6 na omu 8 hutoa kama miliwati 325. Kwa volti 9 na omu 8, miliwati 700. Lakini toleo lake la volti 16 limepimwa kwa spika ya omu 32, nalo hutoa wati 1. Watengenezaji wenyewe, walipopandisha volti, walipandisha omu. Vitabu vya mafunzo vikanakili mchoro wa omu 8 na kuuacha mstari wa omu 32, na namba iliyokuwa jibu la volti 6 ikageuka kuwa desturi ya volti zote.

Kuna watakaopinga kwamba desturi haikuja bure, kwamba omu 8 ina sauti nzuri kuliko 4 au 32. Ushahidi hauungi mkono dai hilo. Chukua koili ya omu 8, ondoa nusu ya mizunguko, na tumia waya wenye ukubwa wa mara mbili ili shaba yote ibaki kiasi kilekile. Utapata koili ya omu 2. Nguvu yake kwa kila ampea ni nusu, lakini kwa kila wati ni ileile, uzito ni uleule, karatasi ni ileile. Sikio halina njia ya kuzitofautisha zikipewa wati sawa. Historia nayo inashuhudia: Waingereza waliopenda muziki bora miaka ya 1950 walisikiliza spika za omu 15, na hawakuona upungufu. Wengine watasema, basi tuchukue omu 4 daima, kwa kuwa hutoa sauti kubwa zaidi. Ni kweli kwamba kwa volti zilezile nguvu huongezeka mara mbili, lakini mara mbili ya wati ni desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kuishangilia. Kusikia sauti imekuwa kubwa mara mbili kunahitaji wati karibu mara 10. Kwa desibeli 3 hizo mtu analipa mkondo mara mbili kwenye vilele, chipu inayopata moto, na betri inayolegea mapema. Spika yenye sumaku bora au boksi lililozibwa vizuri nyuma yake huleta desibeli hizo bila kuigusa betri.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye vitabu vya fizikia. Kuna kanuni, iliyohusishwa na Moritz von Jacobi wa karne ya 19, kwamba mzigo hupokea nguvu ya juu kabisa pale omu zake zinapolingana na omu za ndani za chanzo. Wengi huihamishia kanuni hii kwenye spika, wakiamini kwamba amplifaya ya omu 8 ina omu 8 ndani yake na inadai mwenzi wa kulingana naye. Kanuni ni sahihi, matumizi ndiyo yaliyopotoka. Amplifaya ya kisasa ina omu za ndani chini ya 1. Kama zingekuwa 8, nusu ya nguvu yote ingebaki ndani ikiiunguza. Namba iliyoandikwa kwenye amplifaya inaeleza mzigo mdogo kabisa ambao volti zake na mkondo wake vinauweza. Hata transfoma ya zama za vali haikusawazisha omu kwa maana ya Jacobi. Ilichagua mzigo uliotumia volti 90 zote bila kuvuka mkondo ambao vali iliruhusu. Wapo pia wanaosema omu za spika hazina maana kwa sababu hubadilika kila noti inapobadilika. Ni kweli hubadilika, na kwenye mlio wa asili wa karatasi zinaweza kupanda mara kadhaa. Ukiweka mita kwenye spika ya omu 8 utasoma 7 na kitu, kwa kuwa mita hupima waya uliotulia. Lakini kiwango cha kimataifa cha spika kinataka omu zisishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyoandikwa, yaani 6.4 kwa spika ya 8. Namba ile ni ahadi kuhusu sakafu, na mwenye betri anahitaji hasa kuijua sakafu.

Pingamizi la mwisho ni la zama zetu. Chipu za leo huwasha na kuzima transista zake mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde badala ya kuziacha nusu wazi, na hivyo hupeleka kwenye spika hadi asilimia 90 ya nguvu inayotoka kwenye betri. Nyingi pia huendesha spika kutoka pande zote mbili, upande mmoja ukipanda mwingine ukishuka, kiasi kwamba volti zote za betri hutumika badala ya nusu yake. Seli moja ya lithiamu ya volti 3.7 sasa inaweza kuipa spika ya omu 8 karibu wati 0.86, na ya omu 4 wati 1.7. Je, hesabu ya miliampea 36 na 18 haijafutwa? Sehemu yake kubwa imefutwa kweli, na ni jambo la kushukuru: kwa chipu hizi kusikiliza polepole hakuadhibiwi tena kama zamani. Lakini mkondo wa kilele haujafutwa. Omu 8 kwa volti 3.7 hudai ampea 0.46, omu 4 hudai 0.93, na mkondo huo unapita kwenye seli, kwenye swichi, kwenye nyaya nyembamba na kwenye transista, kila kimoja kikitoza ushuru unaokua kwa mraba wa mkondo. Seli ikiwa ndogo au ya zamani, ampea 0.93 za ghafla huangusha volti hadi kichakataji kilichomo kwenye kifaa kizime na kuwaka upya katikati ya sentensi. Swali limebaki lilelile lililoulizwa mwaka 1910.

Kwa anayeunda kifaa cha mkononi leo, historia hii inapanga hatua zake. Anaanza na volti za betri ikiwa imechoka, maana hapo ndipo kifaa kitaishi muda mwingi. Anauliza ampea ambazo betri hiyo inatoa bila kuporomoka, kisha anagawa volti za kilele kwa ampea hizo, na jibu ni omu ndogo kabisa anazoweza kuruhusu. Kwa volti 9 na chipu ya mtindo wa LM386, jibu litakuwa mara nyingi 16 au 32. Kwa seli ya lithiamu na chipu ya kuwasha na kuzima, 8 ni chaguo la busara, na 4 linafaa pale seli ni kubwa na sauti ni ya kujaza chumba. Kwa betri mbili za volti 1.5, omu 8 au 4, kwa kuwa hakuna volti za kupoteza. Mara kadhaa hesabu itamrudisha kwenye omu 8 zilezile zilizoandikwa nyuma ya sumaku, na hapo hatakuwa amepoteza muda. Atakuwa amejua kwa nini ziko pale, na atajua siku ya kuziacha. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Ubawa wa redio ni betri, na spika njema ni ile inayolingana na ubawa huo.